Ukumbi wa Suna Ulivyong'olewa Dari

Ukumbi wetu wa Suna ulijengwa na mfanyabiashara Mhindi aliyetaka kuonyesha sinema. Alijua kazi yake. Sakafu iliteremka kuelekea jukwaani ili aliyekaa nyuma naye aone, na juu, chini ya mabati, akapiga dari ya mbao. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na chini ya mabati matupu humsikii hata aliyekaa ubavuni mwako.

Miaka ya tisini ukumbi ukaangukia mikononi mwa kamati, wanaume wa suti, vitambi na mihuri. Wakasawazisha sakafu kwa saruji ili viti vya harusi visiyumbe. Kisha wakasema dari ina popo, wakaing'oa. Popo walihamia kanisani. Mbao zilihamia kwa wanakamati, zikawa mabanda ya kuku. Hayo ndiyo waliyoyaita ukarabati, na bila haya wakatualika tuje kuusherehekea.

Siku hiyo kungekuwa na mashindano, na kikundi bora kingeenda kuigiza Homa Bay. Dada yangu hakutaka kitu kingine duniani. Muhula mzima alifanya mazoezi jikoni, akiulilia mwiko ambao ulishika nafasi ya mume wake katika mchezo, aliyefukiwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Mama alikuwa akimsikiliza mpaka naye analia kwelikweli.

Mchezo ulipangwa kuanza saa nane. Lakini kwetu mkubwa hawezi kutazama kitu kabla hajahutubu. Mwenyekiti akamkaribisha naibu wake, naibu akamkaribisha mweka hazina, naye akamkaribisha mwenyekiti tena. Kila mtoto wa Suna alijua mvua inakuja. Wao walikuwa wakipigiana makofi.

Dada alipopanda jukwaani, ikashuka. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufumbika, sikusikia neno. Nilitaka kuwarushia viti. Aliendelea hadi mwisho, machozi yakimtoka, kisha mvua ikakatika na mwenyekiti akainuka.

"Huyu msichana maneno yake imetujenga kabisa," akasema, na safari ya Homa Bay akaipa kwaya ya mkewe, iliyoimba asubuhi jua likiwaka.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza dada kwa nini mwishoni alikuwa akinyoosha kidole kwenye viti vya mbele, maana hilo halikuwemo mazoezini.

"Nilikuwa nawatukana," akasema. "Mmoja mmoja. Nilianza na mwenyekiti."