Bawaba za Kasha la Mama

Nilianza kumshuku wifi yangu kwa sababu ya kofia. Ilikuwa kofia ya viua ya marehemu baba, iliyodariziwa kwa mkono, aliyoivaa siku za sikukuu tu, na mahali pake ndani ya kasha la mama ni juu ya bakuli la mti, ili isipoteze umbo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiiweka hivyo. Siku hiyo nilifungua kasha kubadilisha majani ya tumbaku, nikaikuta imekaa juu ya bakuli lake vizuri kabisa, ila imegeuzwa: ndani kumekuwa nje, mafundo ya nyuzi yote yako wazi.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza nikizunguka kati ya madawati wakati wa mitihani. Kazi hiyo imeniharibu, nakiri. Mtoto akikohoa mara mbili najua anamwita nani. Mtu akinisalimia kwa bashasha iliyozidi, najiuliza amevunja nini. Kwa hiyo sikuona kofia iliyogeuzwa, niliona mkono wa mtu. Mtu aliingia, akaitoa, labda akamwonyesha mnunuzi, akairudisha kwa pupa.

Nyumbani kwetu Cheyo, hapa Tabora, tulikuwa watatu. Kulikuwa na mama, ambaye tangu avunjike nyonga alitembea kwa mkongojo na hakuweza kuinuka bila kushikwa. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na mke wa mdogo wangu, binti wa wakulima wa Lusu, kule Nzega, msichana mpole wa kuudhi. Mume wake ni dereva wa lori na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, amejaa vumbi na usingizi. Mama hawezi kuiba vyake, mimi najijua. Hesabu hiyo hata darasa la kwanza wanaiweza.

Lazima nilieleze kasha lenyewe. Ni la mninga, zito, mama aliingia nalo siku ya harusi yake. Ndani yake kuna kila kitu ambacho ukoo wetu umeshindwa kukipoteza: kanga za harusi, bangili mbili za fedha za bibi, vikombe sita vya kahawa, ushanga wa buluu ambao hakuna anayejua ulitoka pwani na nani. Na kuna njuga, zile kengele ndogo za chuma za kuvaa miguuni. Zilikuwa za babu wa babu yake mama, Mnyamwezi aliyekuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe za ndovu za wengine begani kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Kila njuga huviringishwa kitambaa chake zisigongane.

Sisi hatutumii vile vidonge vyeupe vya dukani vya kufukuza wadudu. Sisi hutumia majani ya tumbaku kutoka Urambo, yaliyokaushwa vizuri, jani moja kati ya kila nguo na nguo. Mende na nondo hawayasogelei. Mbao hupakwa nta ya nyuki, na mvua zikiisha kila kitu hutolewa uani kikapigwa upepo kivulini, kwa sababu jua hula rangi. Yote hayo nilifundishwa na mama. Alipovunjika nyonga nikaichukua kazi hiyo pamoja na ufunguo. Nilichukua na jiko pia, maana ningemwachaje mtu wa mkongojo karibu na moto? Mama hakubisha. Alinipa ufunguo bila neno, nami nikaona ameshukuru.

Sasa, tumbaku ina tabia ambayo watu wa huku wanaijua. Masika hulegea ukaweza kuikunja utakavyo, kiangazi hukauka hata ukiigusa tu inavunjika. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Nikachagua jani moja kubwa, zima, nikalilaza juu ya vitu vyote, nikalifunga kasha kwa kufuli jipya. Ufunguo nikauvaa shingoni, ndani ya dera. Siku ya nne nikafungua. Kufuli lilikuwa halijaguswa, na jani lilikuwa unga.

Sitasema uongo, nilifurahi. Kuna raha fulani ya kugundua kwamba ubaya unaoufikiria kweli upo. Nikalivuta kasha kutoka ukutani, nikapiga magoti kwa nyuma, na hapo nikaona. Pini za bawaba zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa na mikwaruzo mipya pale zilipogongwa na kitu, msumari labda. Mwizi wangu hakuwa na shida na kufuli hata kidogo. Alikuwa akichomoa pini, akiinua kifuniko kwa nyuma, kisha akizirudisha. Nikawaza, huyu msichana wa Lusu kafundishwa na nani?

Nilimwendea jikoni alipokuwa akichambua mchele.

"Wifi, nikiwa kazini nani anaingia chumbani kwa mama?"

"Mimi, wifi. Nafagia, nampelekea chai."

"Unafagia tu?"

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Namsaidia mama anachotaka," akasema, macho chini. Kwao binti hamkazii macho mkubwa wake, hilo nalijua, lakini siku ile nilichagua kutolijua.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Chai ya mama ikimwagika mkekani, ni wifi kakiweka kikombe ovyo makusudi. Kanga zikikutwa zimekunjwa pindo ndani, ni wifi, nani mwingine hajui kukunja kanga? Na mama mwenyewe alibadilika. Zamani nilikuwa sijavua viatu ananiita kwa jina. Siku hizi naingia, nasimama mlangoni, naye ananyamaza akiniangalia mpaka nimwambie shikamoo, ndipo anasema marahaba, mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyeshtuliwa. Iliniuma sana. Nikasema, basi, ameshatiwa maneno, mama yangu ananiogopa kwa sababu ya mtu wa kuja.

Kisha bangili moja ikakosekana. Nilitoa vitu vyote kitandani, nikakung'uta kila kanga, nikapekua hadi ndani ya vikombe. Moja ilikuwepo, ya pili haikuwepo. Mama alikaa kwenye mkeka wake akiisikiliza ghasia yangu, na nilipomuuliza kama ameona mtu kaishika, alisema tu, "Itaonekana, mwanangu. Haijatoka nje ya nyumba hii."

Nikampigia mdogo wangu simu nikiwa nimesimama uani, kwa sauti ambayo jikoni wangeisikia, na ndivyo nilivyotaka.

"Bangili ya bibi haipo," nikamwambia. "Mkeo anarudi kwao Lusu, au mimi namchukua mama tunahama."

"Dada, kwanza umemwona akiichukua?"

"Nimeona bawaba. Inatosha."

Nikasikia injini ya lori. "Nitafika Ijumaa," akasema. "Kama ni kweli nitampeleka mwenyewe."

Asubuhi yake nilipita mbele ya chumba cha wifi nikaona begi limefungwa, limewekwa nyuma ya mlango. Hakuja kujitetea, hakulia, hakuapa. Alinichemshia maji ya kuoga kama kila siku. Nami, mwalimu mzima, nikaona kwamba asiyejitetea amekubali.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni, nikaondoka saa nne na nusu, watoto wakiwa mapumziko. Nilitaka nimkute mikono ikiwa ndani ya kasha, ili Ijumaa pasiwe na maneno mengi. Nilimlipa bodaboda njia panda nikatembea hatua za mwisho ili asinisikie. Nilipoingia uani nikasikia njuga. Ilikuwa moja tu, taratibu, kama mtu anaijaribu. Nikavua viatu, nikaupita mlango wa jikoni, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha mama.

Wifi hakuwemo. Kifuniko cha kasha kilikuwa kimeinuliwa kutoka nyuma, pini mbili zimewekwa kwenye kisahani. Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, mapajani amejaza vitu vyetu. Alikuwa ameishika njuga karibu na sikio. Aliitikisa, akaiviringisha kwenye kitambaa chake, akapapasa kando yake, akaokota kofia ya baba. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono pole pole, akizunguka, akitafuta upande wa nje. Hakuupata. Akaiweka juu ya bakuli ikiwa imegeuka.

Ubao wa kizingiti ukalia chini ya mguu wangu. Mama akainua uso, akauelekeza kidogo pembeni ya mahali niliposimama.

"Umesharudi bombani?" akasema. "Haya, acha ndoo, njoo utazame tena chini ya kitanda. Ile bangili iliniponyoka mkononi, nilisikia ikibingirika. Lazima tuipate leo. Kesho mumeo anafika, na wewe utafukuzwa kwa ajili yangu."

Nilipiga magoti nikaingiza mkono chini ya kitanda, nyuma ya mguu wa mbele, kwenye vumbi ambalo ufagio haulifikii.

"Najua nilikuapisha usiseme," mama akaendelea, "na najua nakuonea. Lakini yule akijua macho yameniishia, mwanangu, atanimaliza. Anafanya kwa upendo, simlaumu. Nilianguka akachukua jiko, nikanyamaza. Akachukua ufunguo wa kasha langu, nikanyamaza. Sasa akisikia kwamba naona vivuli tu, atachukua nini? Kimebaki hiki, kuvishika. Nilisema nivizoee kwa mkono kabla giza halijafika lote. Niijue ipi ya bibi yangu, ipi ya mama yangu. Si kazi kubwa. Ila nikiwa naye siwezi, ataniambia, mama acha, utavunja."

Nilikuwa nimeshamwambia hivyo. Si mara moja. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya mama yangu, shavu kwenye saruji, na neno hilo lilikuwa langu kabisa, na sauti aliyolisemea ilikuwa yangu. Mkono wangu ukagonga chuma. Bangili ilikuwa imeegemea ukuta.

Nikaitoa, nikaifuta kwa dera, nikasogea kwa magoti hadi mkekani. Nilikuwa bado sijasema kitu. Nilidhani, kwa woga tu, kwamba ningeweza kumpa, nikatoka, nikarudi baadaye kwa mlango wa mbele na salamu yangu kama siku zote, asijue kamwe kwamba nilisikia. Nikaiweka bangili kiganjani mwake.

Akaishika kwa mikono miwili. Akapima uzito wake, akapitisha kidole kwenye lile bonde dogo bibi alipoigonga jiweni, uso wake ukafunguka wote. "Alhamdulillahi," akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Sasa huendi Lusu, mwanangu. Huendi popote."

Akaushika mkono wangu kunishukuru. Akaubusu, akaukandamiza kwenye paji la uso wake, kisha vidole vyake vikapanda kidogo na kukuta saa. Wifi yangu havai saa. Vikaizunguka mara moja, vikasimama.

Mama aliuachia mkono wangu. Alivuta miguu yake akaikunja chini ya kanga, akaanza kukusanya vitu mapajani, haraka, njuga, ushanga, kikombe, akivirudisha kwenye kasha bila kujua vinaangukia wapi. Bangili aliiweka sakafuni mbele yangu na kuisukuma kwa ncha za vidole, ili iwe upande wangu.

"Usimfukuze mwenzio," akasema. "Ni mimi niliyemtuma. Nisamehe, mwanangu. Sikuchukua kitu. Nilikuwa naangalia tu."