Miiba Kwenye Malka

Mpaka leo nikikaribia kibanda cha chai kilicho jirani na stendi ya Garsen, napunguza mwendo nione kwanza ni nani wamekaa kwenye benchi la ukutani. Wakiwa wale ninaowajua, napita moja kwa moja. Si jambo la kujivunia kwa mtu wa umri wangu. Lakini wao wanalieleza jambo hili kila siku kwa namna yao, na mimi nimeamua kulieleza mara moja, lilivyotokea.

Timu yetu ni ya kijiji cha kando ya mto, si mbali na Garsen. Wachezaji wengi ni watoto wa wakulima, Wapokomo. Wachache ni watoto wa wafugaji, Waorma, na mmoja wao ndiye kipa wetu. Mtu wa mbali hawezi kuona uzito wa maneno hayo. Kuna miaka ambayo watu wa pande hizo mbili hawakunywa chai kwenye kibanda kimoja. Aliyewakusanya wakavaa jezi moja ni nahodha wetu, beki wa kati, ambaye wakati ninaousimulia alikuwa amekaribia kuacha mpira. Mbio zilikuwa zimempungua, nami sikatai. Uwanjani hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, na watu wakahama.

Uwanja wenyewe uko kwenye uwanda kati ya mashamba na mto, na upande wake wa mashariki unapakana na malka. Malka ni njia ya ng'ombe ya kwendea maji. Mkulima halimi juu yake, na mfugaji hapitishi mifugo nje yake; watu wakiliheshimu hilo, kila mmoja analala nyumbani kwake kwa amani. Pale kwetu malka inakata kona moja ya uwanja. Kwa hiyo mstari wa upande huo ulikwenda sawa mpaka karibu na katikati, kisha ukapinda kuingia ndani, na kona ya huko ikawa nyembamba. Mstari huo niliuchora mimi, kwa majivu, asubuhi ya kila mechi. Sheria za mpira nimezisoma zote, mwenyewe, na najua zinataka uwanja wa mstatili. Nilijua kwamba ninachora kitu kisichokubalika. Lakini nahodha na wazee wa wafugaji walikuwa wamekubaliana juu ya mstari ule kabla timu haijapata hata jezi, na kwangu makubaliano yale yalikuwa na uzito zaidi kuliko kitabu.

Kiangazi kimoja kamati ikamleta winga kutoka Malindi. Alikuwa kijana mpole, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto ambao mpira uliupenda. Siku ya kwanza ya mazoezi watu waliacha kazi zao kuja kumtazama, na jioni kwenye kibanda hakukuwa na habari nyingine. Aliyesema sana alikuwa dereva mmoja wa boda boda, shabiki wa tangu zamani, mtu ambaye hajawahi kushindwa mabishano kwa sababu hajawahi kunyamaza ajibiwe.

"Huyu jamaa si wa kubanwa kwenye kona ya ng'ombe," alisema. "Huyu mpe nyasi, uone."

"Nyasi zipi?" mtu akauliza. "Kiangazi hiki hata ng'ombe hawajaziona."

Tukacheka wote.

"Chekeni tu. Sisi ndio timu pekee yenye uwanja uliokatwa sikio. Winga anataka upana. Muulizeni yeyote anayejua mpira."

Mwenyekiti wa kamati, ambaye ana duka na shamba la mahindi chini ya uwanja, akauliza, "Na nahodha tumweleze nini?"

"Apumzike. Mzee wetu ametufikisha hapa, tunamshukuru. Lakini trekta ni trekta. Huipeleki Mombasa kushindana na basi."

"Trekta ndiyo iliyolima," nikasema.

"Basi kalime, kaka. Sisi hapa tunazungumza mpira."

Nahodha alifika wakati huohuo kutoka shambani, akaagiza chai, akasimama. Mwenyekiti akamwuliza anamwonaje winga.

"Mzuri sana," alijibu. "Atatusaidia. Mstari uacheni ulivyo."

"Kwa nini?" dereva akauliza.

"Ng'ombe wanapita."

"Mto ni mrefu, wapite kwingine."

"Wapi? Chini yake ni mahindi ya mwenyekiti. Ukiwazuia hapo juu, watashukia humo."

"Siku moja tu, kapteni. Mechi moja."

"Ng'ombe wanakunywa kila siku."

Dereva akawageukia wengine, si nahodha, akasema kwamba kuna watu wakizeeka wanataka na uwanja uzeeke nao. Watu wakacheka tena, na safari hii mimi sikucheka. Nahodha alimaliza chai yake bila haraka, akarudisha kikombe kwa mwenye kibanda, akaondoka. Nilikasirika kwamba hakujibu. Nilikasirika zaidi kwamba kati ya watu wote wale, ambao amewabebea majeruhi na kuwazikia wazazi, hakuna aliyesema, acheni.

Siku chache baadaye kamati ilikaa. Kitambaa cha unahodha kilichukuliwa kutoka kwa beki, akapewa winga ambaye hata majina ya wenzake alikuwa bado anayachanganya. Uwanja ukaamuliwa upanuliwe kabla ya mechi na timu ya Hewani. Katika mazungumzo yote hayo, yaliyoendelea kwenye benchi lile kila jioni, juu ya upana anaouhitaji winga, hakuna mtu aliyemwuliza winga.

Asubuhi ya mechi nilikuta matawi ya mathenge yamekatwa na kurundikwa kukata malka, kutoka ukingo wa shamba mpaka vichakani. Anayeijua miiba ya mathenge anajua kwamba inatoboa tairi la pikipiki. Dereva alikuwa pale na panga, akitokwa jasho, amefurahi.

"Leta majivu," aliniambia. "Leo unachora uwanja wa watu."

"Sichori hapo."

"Wewe si ndiye uliyesoma kitabu? Kitabu kinasema mstari uwe mnyoofu."

"Kitabu hakijaona malka."

Akaninyang'anya ndoo, akachora mwenyewe. Hata hivyo haukunyooka.

Mechi ilianza alasiri. Winga akapangwa kulia, kwenye nyasi zake mpya, ambazo zilikuwa vumbi. Alipopata mpira mara ya kwanza alimtazama beki, akageuka ndani, akaupeleka kwenye mguu wake wa kushoto, akapiga shuti lililogonga mwamba. Mara ya pili akageuka ndani tena. Mara ya tatu vilevile. Mashabiki wakaanza kumpigia kelele aende kwenye mstari, na dereva akawa anakimbia nje ya uwanja sambamba naye, akionyesha ardhi aliyomfyekea. Winga hakuihitaji. Ni mtu wa mguu wa kushoto anayecheza kulia. Kazi yake yote ni kuingia ndani, na kona yetu nyembamba ilikuwa inamtosha na kubaki. Yeyote aliyetazama mazoezi kwa macho badala ya mdomo angeliona hilo.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijaendelea sana vumbi lilipoinuka upande wa juu. Ng'ombe walikuwa wanashuka. Wa mbele walifika kwenye miiba wakasimama; wa nyuma, ambao walikuwa wamekwisha kuyanusa maji, wakawasukuma. Ng'ombe mmoja akaingia kwenye miiba, akalia. Kisha kundi zima likageuka, kama nahodha alivyosema, likashukia kwenye mahindi ya mwenyekiti.

Kipa wetu aliwaona kabla yetu, kwa sababu walikuwa ng'ombe wa baba yake. Alivua glavu, akazitundika kwenye nguzo ya goli, akatoka uwanjani akitembea. Wenye mashamba walikuwa wamekwisha kukimbia na mapanga. Vijana wa wafugaji walikuwa wamesimama mbele ya ng'ombe na fimbo, na mmoja alikuwa anapiga simu. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kinachofuata simu ya namna hiyo. Niliacha chini kibendera changu cha mshika mstari.

Nahodha, ambaye sasa alikuwa beki tu, alikimbia. Trekta yao ilikimbia. Hakwenda kwenye mapanga wala kwenye fimbo, alikwenda kwenye miiba, akaanza kuivuta kwa mikono mitupu. Winga akamfuata, naye akavuta. Nikafika, nikavuta. Mashabiki walikuwa wanatupigia kelele turudi, mechi inapotea. Nayasikia mpaka leo yale maneno, mechi inapotea, kutoka kwa watu waliokuwa wanaona mapanga yamesimama mbele ya fimbo.

Njia ilipofunguka, ng'ombe wa nyuma wakaiona, wakaingia, na wale wa kwenye mahindi wakafuata wenzao. Ng'ombe wakiwa majini, wale waliokuwa wamesimama na silaha wakajikuta hawana kitu cha kusimamia. Mmoja akashusha panga, mwingine akaketi chini. Refa alikuwa amemaliza mchezo na kuwapa Hewani ushindi. Mikono ya nahodha ilikuwa inavuja damu mpaka kwenye viwiko.

Jioni ileile wakakaa kwenye benchi. Nilidhani nitasikia aibu. Nilisikia kwamba timu imepoteza mechi kwa sababu beki mzima ameacha nafasi yake, na kipa naye ameacha goli.

"Sheria iko wazi," dereva alisema. "Mchezaji haondoki bila ruhusa ya refa. Muulizeni huyu msomi wetu."

"Niulizeni na kuhusu miiba," nikasema.

Mwenyekiti akatunyamazisha. Alikuwa amepoteza mahindi na alitaka jambo liishe. Akamwambia nahodha kwamba kamati inamrudishia kitambaa, kwa heshima, na kwamba kwa upande wa golini wamesikia habari za kipa mmoja mzuri wa Hola.

Nahodha alikuwa amefungwa vitambaa mikononi, hakuweza kushika kikombe. "Tunaye kipa," alisema.

"Ametuacha."

"Tumemfungia njia baba yake. Mkileta kipa mwingine, tafuteni na beki mwingine."

Winga alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na jiko. Akasema kwa sauti ndogo ya mgeni, "Mimi sikuwahi kuomba upana. Kama mngeniuliza ningewaambia."

Dereva alimtazama kama aliyeuziwa kitu kibovu.

Kesho yake tulikwenda kwa wafugaji: nahodha, mwenyekiti, dereva na mimi. Tulimkuta baba wa kipa kwenye ukingo wa mto, ng'ombe wake wakinywa kwa makundi, na mwanawe ndani ya maji mpaka magotini. Tulisalimia. Akaitikia salamu, akaendelea na kazi yake, nasi tukasimama juani. Mwenyekiti alianza mara mbili kusema, na mara mbili mzee akamwinulia kiganja, asubiri. Niliona ni haki tusimame.

Kundi la mwisho lilipokunywa, akaja. Ng'ombe aliyeingia kwenye miiba alikuwa nyuma yake, ameshika ardhi kwa miguu mitatu.

"Nani aliweka miiba?" akauliza.

Dereva akaiangalia pikipiki yake. Yule aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, aliyeijua kasi ya kila mchezaji na umri wa kila goti, akaona tairi lake lina tope, akainama kulitazama. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba yalikuwa makosa ya jumla. Mimi nilifungua mdomo nimtaje mtu. Nilikuwa na jina tayari.

Nahodha akanitangulia. "Ni sisi, baba," alisema.

"Wewe nilikuona. Ulikuwa unatoa."

"Ni timu yangu. Ni sisi tulioweka. Haitawekwa tena."

Mzee aliitazama mikono yake iliyofungwa. Hakusema kwamba amesamehe. Alimsemesha mwanawe Kiorma, maneno machache, na kijana akatoka majini, akaja akasimama karibu na nahodha, akamwuliza mazoezi ni lini.

Hilo ndilo jambo zima. Kipa alirudi golini, nahodha akamaliza msimu na kitambaa chake, na winga akafunga magoli mengi kwa mguu wa kushoto.

Tulipokuwa tunarudi nilikuwa nimepanda nyuma ya dereva. Hatujafika mbali akanigeuzia uso, upepo ukimpiga, akasema kwa furaha, "Umeona? Mimi nilisema tangu mwanzo yule mzee wa ng'ombe hana neno. Ni watu tu wanaokuza mambo."

Nikamwambia asimame.

"Umesahau kitu?"

"Hapana," nikasema, nikashuka, nikaenda kwa miguu.