Kisanduku Kilichozimwa Msibani

Jumamosi nilikuwa kwenye nyumba ya msiba, mtaa wa Kagugu. Mama mwenye nyumba alikuwa amefiwa na mwanawe huko Kanada, na tulikuwa tufuatilie maziko kwa simu ya video kwenye laptop. Jirani aliandika nywila ya intaneti, akaizima laptop, akaiwasha tena.

"Bado iko inasema hakuna waifai."

"Soma vizuri, injinia," mtu alimtania. Mama hakuondoa macho kwenye kioo.

Shangazi wa marehemu akainua mkono. "Ni mimi nilizima. Kukiwa na msiba tunazima redio, tunazima televisheni. Na kile kisanduku cha intaneti kilikuwa kinawakawaka kama taa za harusi."

Jirani akakiwasha. Picha ilipokuja, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanaelekea kwenye magari.

"Waambie wangoje," mama alisema.

Jirani akawaambia. Kule mwanamume mmoja akasimama, akageuka, na wengine wakamfuata kurudi kaburini.

Zamani kuzima vitu msibani kulinyamazisha muziki tu. Siku hizi kunaweza kumkosesha mama maziko ya mwanawe. Kabla ya kuikagua laptop, afadhali tumuulize shangazi.