Mjukuu Wangu Ameuandika Uongo Wangu Kwenye Udaktari Wake

Mbukwenyi, ndiyo salamu ya huku kwetu. Kabla sijaeleza langu, wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho umekwenda kwa bibi yako lini? Usiniambie umempigia simu. Simu haioni kama mtu amekonda. Kwa wenye ukurasa huu wa mtandaoni umefika leo, na jana ulikuwepo, na kesho utakuwepo, ila kwa bibi yako hujakanyaga toka msiba wa mwaka juzi. Haya, kaa sasa unisikilize mimi.

Nina miaka themanini na moja, naishi huku Mkonze. Shule sikuingia hata siku moja. Haya nimeyasema kwa mdomo, wenye ukurasa wakayaandika, na nimewaomba wafiche jina langu kwa sababu anayehusika ni mjukuu wangu, niliyemlea toka ana miaka mitatu mama yake alipofariki.

Huyu mtoto amesoma jamani. Digrii ya kwanza aliichukua hapo chuoni Chimwaga, ya pili Dar es Salaam, na sasa yuko kwenye udaktari wa sayansi ya siasa. Udaktari usiotibu hata kikohozi, namtania hivyo. Anachochunguza ni jinsi Mjerumani alivyoitawala nchi yetu kwa kuwatumia watu wetu wenyewe: nani alikubali kuwa jumbe, nani alikataa, na kwa nini. Amejifunza mpaka Kijerumani ili asome karatasi zao za zamani.

Miaka mitatu iliyopita alinijia anahema, hata mkoba hajautua. "Shikamoo mke mwenzangu!" Nikamwambia, "Marahaba mwizi wa mume, kuna nini?" Akasema, "Bibi, nimemkuta babu yako kwenye maandishi ya Mjerumani. Ameandikwa kuwa ndiye mtemi wa hapa, na kwamba alijitokeza mwenyewe siku ya kwanza. Ni kweli?"

Huyu ni mtoto aliyekuwa akirudi shuleni analia kwa sababu wenzake wanamwita mtu wa kuja. Nilimtazama usoni nikasema, "Ni kweli." Akawasha kinasa sauti, na mimi nikaendelea. Nikasema tumetoka kwenye nyumba ya mvua, ile ya watemi wanaoomba mvua, nikasema watu walikuwa wakimpigia babu magoti. Nilijisikia vizuri, sitawaficha.

Sasa ukweli. Babu yangu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, alikuja hapa kuchunga ng'ombe za watu. Alinisimulia mwenyewe nikiwa msichana, nikimpaka mafuta mgongoni kwenye makovu ya viboko. Siku Wajerumani wanafika, yeye alikuwa kichakani anatema miiba ya kuzungushia zizi. Kutema ni kukata, mnajua. Askari waliokuja na yule mzungu walikuwa watu wa mbali, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuvunjika. Mmoja akauliza kwa ukali, "Mtema nani hapa?" Alitaka kusema mtemi. Babu akadhani ameharibu miti ya watu. Akatoka na shoka mkononi, akajibu, "Ni mimi bwana, ninayetema ni mimi."

Mtemi wa kweli alikuwa amesimama palepale kati ya wazee, amevaa ngozi kama wao. Wazee wote wakatazama chini. Mjerumani akaandika. Alipoondoka, wazee wakamwambia babu, "Umeshasema, kaa hivyohivyo." Wakampa mke na ng'ombe. Toka hapo watu wakikimbia kazi ya reli, anayelazwa chini na kuchapwa ni babu. Mtemi mwenyewe akaendelea na mvua yake kwa amani.

Kwa nini hatukusema? Babu alikula kiapo mbele ya wale wazee, na baba yangu akatukataza. Baadaye, mjukuu alipokuja na maandishi yake, ikawa tamu tu kuitwa ukoo wa mtemi. Hiyo ya mwisho ni aibu yangu.

Wiki iliyopita mjukuu kaja kunisomea alichoandika. Kumbe sura nzima imesimama juu ya maneno yangu. Anasema mtemi wa hapa alimpokea Mjerumani kwa hiari yake, ili aulinde utawala wake. Halafu akafika pale Mjerumani alipoandika kwamba mtemi alikuwa na shoka. Akaniambia huku anacheka kwa furaha, "Bibi, lile shoka lilikuwa alama ya enzi yake. Profesa wangu amelipenda sana hilo!"

Chai ilinipalia. Alama ya enzi! Shoka la kukatia miiba!

Akanipigapiga mgongoni, kisha akaacha kucheka. "Bibi, uko sawa? Kuna kitu hukuniambia?"

Nikamwambia, "Kunywa chai yako, itapoa."

Alikusanya karatasi zake. Kaondoka bila kunitania, na hajapiga simu mpaka leo. Jumatatu ijayo anasimama mbele ya maprofesa kuitetea kazi ya miaka minne. Nikisema, nimeibomoa kwa mkono wangu, na huenda asiniamini tena maisha. Nikinyamaza, mtoto wangu anasimama mbele za watu wenye akili anaapia uongo asioujua, na akija kugundua nimeshazikwa, atamgombeza nani?

Nyie mliosoma, na nyie mliolea, niambieni bila kunionea huruma: nimwite kabla ya Jumatatu nimwambie, au nimwache apate kwanza karatasi yake? Nasomewa kila mtakachoandika, na matusi nayo nayaweza.

Na wewe utakayekwenda kwa bibi yako Jumamosi hii, nenda ulale hukohuko. Kama una swali la mambo ya zamani, muulize siku unayofika, halafu kesho yake asubuhi muulize tena lilelile. Mara ya kwanza huwa tunawajibu mnachotaka kusikia.