Toledano: ukoo uliotoka Hispania ukafika ghorofa ya tisa, Al Jaddaf

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa bara na wa pwani, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa nilichokikalia kwa muda mrefu, na yote nitakayoandika ama niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa na mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Majina ya kwanza nimeyabadilisha kwa heshima ya familia. Jina la ukoo nimeliacha lilivyo, kwa sababu wenye jina hilo ni wengi duniani na uzi wenyewe unalihusu.

Mimi ni Mkenya, Mkikuyu wa Nyahururu. Mwaka 2014 nilikuwa security kwenye jengo moja la makazi pale Al Jaddaf, Dubai. Kulala nalala International City, chumba kimoja na wenzangu, vitanda vya juu na chini. Wanaojua wanajua.

Ghorofa ya tisa aliishi mzee mmoja mwenye pasipoti ya Ufaransa, mfanyabiashara wa vitambaa kule Deira. Nitamwita Mzee Yakobo. Mjane, anaishi peke yake, na moyo ulikuwa unamsumbua.

Mzee huyu alikuwa na kituko kimoja. Kila Jumamosi akitoka kutembea kidogo, akirudi hana kadi ya mlango. Anasimama nje ya kioo ananingoja. Nikimfungulia anakwenda kusimama mbele ya lifti, habonyezi kitu, mpaka niende nimbonyezee mimi.

Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu. Lakini usahaulifu gani huo unaomshika mtu Jumamosi tu, Jumapili kadi anayo na anabonyeza mwenyewe?

Siku moja nikamuuliza. Akatazama kushoto na kulia, akaniambia polepole kwamba yeye ni Myahudi na ile ndiyo Sabato yake, siku ambayo hawashiki mambo ya umeme wala kubeba kitu mfukoni. Miaka ile jambo hilo halikuwa la kutangaza Dubai, hivyo nikafunga mdomo.

Sasa mimi nimelelewa Sunday school. Wayahudi nilikuwa nawajua wa kwenye Biblia tu. Kumbe mmoja nambonyezea lifti kila wiki!

Kuanzia hapo tukawa marafiki. Jioni akishuka alikuwa anakaa kwenye kiti cha wageni karibu na meza yangu, tunapiga stori.

Nikamuuliza, "Sir, hili jina Toledano ni la Italia?"

Akacheka. "Hapana. Ni jina la mji niliofukuzwa kabla sijazaliwa."

Akanieleza. Kuna mji Hispania unaitwa Toledo. Wayahudi waliishi huko karne nyingi. Zaidi ya miaka mia tano iliyopita watawala wakawaambia wabadili dini au waondoke. Waliokataa kubadili wakafungasha walichoweza kubeba. Huko walikofika, wenyeji na wakimbizi wenzao wakawaita kwa walikotoka, wale wa Toledo. Ni mambo ambayo hata pwani yetu yapo, mtu anaitwa Mbarawa na babu yake wa tatu hakuwahi kuiona Barawa ya Somalia.

Kutoka hapo jina likasambaa. Wengine walivuka bahari wakaingia Moroko, wakakaa Fez, Meknes na Tangier. Wengine wakaelekea mashariki mpaka Salonika kule Ugiriki, na wengine wakafika Yerusalemu. Baadaye watoto wa Moroko nao wakahama, wakaenda Gibraltar, wakavuka Atlantiki mpaka Venezuela na Panama, na siku za karibuni Paris na Montreal. Mzee mwenyewe alizaliwa Meknes, akakulia Ufaransa.

Aliniambia jambo moja ambalo mpaka leo nikilifikiria linanigusa. Enzi za vitabu vya simu, kila mji aliofika kwa biashara ya vitambaa, kitu cha kwanza hotelini ni kufungua kitabu herufi ya T. Akikuta Toledano anapiga. "Mimi ni Toledano pia, wa Meknes."

Wengine walimkatia simu wakidhani ni mtu wa kuuza bima. Wengine walimwita mezani. Huko Caracas alikaribishwa Jumamosi na watu asiowajua kabisa, akapakuliwa kile chakula chao cha nyama na ngano kinachoachwa motoni kutoka Ijumaa. Ladha ikawa ya mama yake, akashindwa kumeza kwa machozi.

"Na hapa Dubai?" nikamuuliza.

"Hapa niko mimi tu," akasema.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kisa kinapoanza.

Katika ukoo wao jina la kwanza pia lina utaratibu. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa baba. Wa pili anapewa la baba wa mama. Na babu akiwa hai ndiyo raha yenyewe, anajiona. Kwa hiyo kwao kulikuwa na Yakobo Toledano, akamzaa Ibrahimu Toledano, akamzaa Yakobo, hivyo hivyo kushuka.

Wakuu, niliruka kwenye kiti. Hiyo ni Kikuyu tupu! Mwanangu wa kwanza anaitwa Ndirangu, jina la baba yangu, na baba yangu yuko hai anakamua ng'ombe. Mke wangu akimwita mtoto mezani anamwita "baba". Mimi hata kumchapa yule kijana naona haya.

Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Ndipo akanifungulia moyo.

Alikuwa na mabinti wawili, hana mtoto wa kiume. Ndugu yake wa pekee alikufa bila kuzaa. Ukoo wa Toledano, kwa upande wa nyumba yao, ulikuwa unaisha na yeye. Binti mkubwa, Ester, aliolewa Montreal, alikuwa na mvulana mmoja na sasa ana mimba ya pili. Wameambiwa ni mvulana tena, yaani zamu ya babu wa upande wa mama.

Daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege. Akaniambia, "Ukoo uishe, sawa. Lakini nataka nisikie mtu akiitwa Yakobo nikiwa hai, nami niitike kwa makosa."

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka. Kuna jambo alilonificha, nalo ndilo lililoniponza.

Ijumaa moja jioni, jua limeshazama, simu ya reception ikalia. Ni Ester kutoka Montreal. Kwao ilikuwa bado asubuhi, lakini Dubai Sabato ilikuwa imeshaingia na baba yake hashiki simu. Akaniomba nipande nimwambie kwamba amejifungua salama.

Nikasahau kazi, nikasahau adabu. Nikapaza sauti kama niko kwetu: "Hongera madam! Karibu duniani, Yakobo!"

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mzee nyuma, kali, kwa lugha nisiyoijua. Simu ikakatwa.

Nikapanda ghorofa ya tisa na habari yangu. Mzee aliposikia mtoto amezaliwa alinikumbatia. Nilipomwambia nilivyompongeza binti yake, akaketi.

Kumbe jina la mtoto halitajwi mpaka siku ya nane, siku ya tohara. Na hilo lilikuwa dogo. Mumewe Ester ni wa Wayahudi waliotoka Poland, na kwao jina la mtu aliye hai halipewi mtoto hata kidogo. Kumwita mtoto jina la babu aliye hai ni kumwonyesha malaika wa mauti njia ya kwa babu. Ester alikuwa anambembeleza mumewe kimya kimya kwa miezi, wakimficha mama yake mume. Mimi nimekwenda kulitangaza kwenye simu iliyo loudspeaker, na huyo mama yuko pembeni ya kitanda.

Nilirudi International City sina raha. Nikamsimulia mwenzangu wa chumba, Otieno, Mjaluo wa Siaya.

"Wee Baba Ndirangu, umeharibu," akasema. "Hata kwetu jina la jadi ni la marehemu. Anakuja kwa ndoto analiomba mwenyewe. Sasa wewe umeita mtu kwa kaburi na bado anakula chapati!"

Mwingine angecheka. Mimi nilishindwa.

Sabato ilipoisha huku na kwao, simu zikaanza. Mzee alinisimulia baadaye. Mama yule, tumwite Bibi Hana, alisema haiwezekani mlinzi wa Dubai ajue jina la mjukuu wake kabla yake, kwa hiyo Mzee amekuwa akipiga kampeni. Mume akasimama na mama yake. Ester akawa analia na kichanga mkononi. Mzee akamwambia binti yake kwamba kama hilo jina halitolewi sasa, basi yeye atakufa halijasikika, na wao ndio watakaoishi na hilo.

Ni maneno mazito, wakuu. Aliyatamka kwa hasira na alinikubalia hivyo.

Siku mbili tatu hakushuka. Nikajua nimevunja nyumba ya watu. Nikapanda kumwomba radhi.

Akanifungulia, akanikalisha. Akasema, "Usiombe radhi. Wewe ulisema nilichotaka kusema mimi." Kisha akaniambia kwamba amempigia Bibi Hana mwenyewe, moja kwa moja, bila watoto kati yao.

Alikuwa amejiandaa kubishana. Alimwanzia na historia yote, Toledo, Meknes, Salonika, Caracas, Yakobo wangapi na Ibrahimu wangapi, na kwamba hakuna Yakobo aliyekufa kwa sababu ya mjukuu. Bibi Hana akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu Mzee akamuuliza, "Na wewe, kama si Yakobo, unataka mtoto aitwe nani?"

Bibi Hana akasema, "Dawidi."

Dawidi alikuwa mdogo wake. Wakati wa vita kule Poland, Wanazi walipokuwa wanawaua Wayahudi, Bibi Hana alifichwa na majirani. Wazazi wake na huyo mtoto walichukuliwa. Hakuna kaburi wala picha. Alizaa mtoto mmoja tu akampa jina la baba yake. Mjukuu wa kwanza akapewa jina la mumewe marehemu. Dawidi alikuwa bado anangoja, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mwanawe, kwa sababu kila akitaka kulitamka jina hilo sauti ilikuwa inakatika.

Alimwambia Mzee, "Kwenu mnawapa watoto majina ya walio hai. Sisi marehemu wetu ni wengi mno. Hatujafikia walio hai."

Mzee alipofika hapo, akanigeukia.

Akasema, "Toledano limebebwa na watu kwa miaka mia tano, mji baada ya mji. Huyu mtoto aliyechukuliwa, hakuna aliyembebea jina lake hata siku moja." Na akampigia Ester na mumewe, akawaambia zamu yake ameitoa.

Wakuu, mimi ni Mkikuyu. Sijawahi kusikia mzee akitoa zamu yake. Kwetu watu wananuniana miaka kwa mtoto kurukwa jina. Niliumia kwa niaba yake, nikamwambia hivyo. Akanipiga bega tu.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, Sabato haijaingia na kwao Montreal ndio kumekucha, aliniomba nipande wakati wa break. Amevaa shati jeupe na kofia yao ndogo. Zile simu za intaneti zilikuwa zimezuiwa kule, kwa hiyo hakuna kuona picha. Aliweka simu ya kawaida mezani, loudspeaker, tukasikiliza.

Sikuelewa maneno. Nilisikia mtoto akilia, watu wakiimba, halafu mwanaume akatangaza jina. Nikasikia wazi kabisa: Dawidi. Mzee akaitikia amina.

Kisha Bibi Hana akachukua simu, akaongea naye Kifaransa. Mzee akacheka na kulia kwa pamoja. Baadaye nikamuuliza alichoambiwa.

"Amesema jina langu analo, amelitunza, na anamwomba Mungu asilihitaji kwa miaka mingi."

Mkataba wangu ukaisha 2016, nikarudi Nyahururu. Tuliagana vizuri. Ester alikuwa na namba yangu, akawa ananitumia salamu za sikukuu.

Mwaka 2018, Jumapili moja tumetoka kanisani, WhatsApp ikaingia kutoka Montreal. Picha ya kichanga mikononi mwa bibi mmoja mzee sana. Chini yake jina: Yakobo Toledano, kisha jina la ukoo wa baba yake.

Hapakuwa na neno jingine.

Mke wangu alichungulia picha, akasoma, akapiga vigelegele. "Hatimaye mzee amepata wake!" Ndirangu naye akaja mbio kuona. Na baba yangu, Ndirangu mkubwa, akauliza kutoka kwenye kiti chake mbona tunashangilia.

Mimi nikaitazama tena picha: Bibi Hana amelitoa jina alilokuwa amelitunza. Nilikuwa tayari nimeelewa kwamba Mzee amefariki.

Nilichojifunza, wakuu: nilikuwa nadhani jina ni foleni, kila mtu na haki yake, na anayerukwa ameonewa. Mzee alikuwa na haki yote na akampisha mtoto asiyekuwa na mtu wa kumtetea. Yake ikaja ikapatikana hata hivyo, ila hakuwepo kuiitikia. Hilo bado linaniuma na sitajifanya haliniumi.

Karibuni mchangie. Kwenu mnawapa watoto majina ya walio hai au ya waliotangulia? Na kuna aliyewahi kutoa zamu yake? Matusi wekeni pembeni kwa leo, huyu mzee nilimpenda.