Ile Sheria ya Safari Tatu, Ni Minye Niliitunga

Admini, jina langu ulifunike vizuri, maana hapa Uvira hata mbuzi wa jirani wananijua. Niko na miaka 88. Meno yamebaki manne, lakini ulimi uko muzima, na ndio ulioniponza. Nilisoma mpaka darasa la tatu kwa mapadri, wakanifukuza juu ya kuiga kikohozi cha padri mukubwa katikati ya misa. Mukiona makosa ya kuandika, mucheke. Mukimaliza kucheka munisaidie, maana hili sijaambia mutu, hata marehemu bibi yangu.

Wakati wa Wabeleji, miaka ya hamsini na kitu, tulikaa Bwegera kwenye mashamba ya mupunga. Wafanyakazi wa kampuni ya pamba walikuwa na munganga wao, anatibu tu mwenye kitabu cha kazi. Sisi wengine tulikuwa na mabega. Dispanseri ya misheni ilipokea kila mutu, lakini ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Basi wanaume wa kijiji tuliungana. Tulikuwa na kipoyi kimoja, kitanda cha miti na kamba, na mutu akigonjwa tunamubeba kwa zamu. Kuingia hakukuwa na masharti. Unakuja unasema, "Na nyumba yangu muihesabu," imeisha. Baba yangu ndiye alikuwa mukubwa wa kipoyi, kwa hiyo kililala kwetu.

Melkiori akavuka muto Ruzizi kutoka Urundi na bibi yake Adela, bila karatasi, bila ndugu. Alikuja kwetu kofia mukononi, siku baba hayuko, akanikuta na wenzangu. Akaniita "mukubwa", minye kijana wa miaka ishirini! Kichwa kikavimba. Nikakaza uso sawa vile karani wa teritware, ile ofisi ya serikali ya Wabeleji.

"Weye iko mugeni," nikamuambia. "Mugeni anabeba safari tatu kwanza. Ndipo nyumba yake inahesabiwa."

Niliitunga palepale. Wenzangu wakauma midomo wasicheke. Yeye akasema, "Aksanti mukubwa. Tatu si nyingi."

Alibeba ya kwanza. Alibeba ya pili toka mwanzo mpaka mwisho bila kupumuzisha bega, sisi nyuma tunamupigia honi kwa midomo, tunamuita Kamio, yaani lori. Hakuna aliyemuambia ukweli. Tulikuwa tunafurahi.

Muchana moja nilikuwa nacheza kisoro, ile bao ya mashimo na kete, mbele ya nyumba, na nilikuwa nashinda, jambo lisilonipata mara nyingi. Melkiori akafika anakimbia. "Mukubwa, Adela tumbo limemushika tangu asubuhi. Naomba kipoyi."

Baba alikuwa ameenda matanga Lubarika. Bila kuinua macho nikasema, "Si umebeba mbili tu, Kamio? Lete ya tatu."

Wote wakaangua kicheko. Nilifikiri na yeye atacheka, nimalize muchezo, tuondoke. "Ni kweli," akasema. "Imebaki moja." Akaenda zake.

Nilishinda ule muchezo. Tukabeba kipoyi mpaka kwake, nyumba tupu. Alikuwa amemubeba Adela mugongoni. Tuliwakuta nusu ya njia, pembeni ya barabara. Mutoto alikuwa amezaliwa, amefungwa ndani ya shati la baba yake. Hakulia hata mara moja. Tulipomulalisha Adela kwenye kipoyi, Melkiori akatuambia, "Munisamehe, nimewasumbua kabla sijamaliza."

Juma lililofuata mama yangu mwenyewe akashikwa na homa kali. Wa kwanza kufika alikuwa Melkiori, akaweka bega. Kwenye mulango wa dispanseri akaniuliza polepole, "Mukubwa, hii ni ya tatu. Sasa Adela anahesabiwa?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Niliona haya mbele ya mama na masista, nikajibu, "Ndiyo."

Adela hakupata mimba tena, na alifariki zamani. Melkiori yuko hai, macho yamekwisha; tulihamia huku Uvira pamoja, nyumba yake inatazamana na yangu. Watoto wangu ndio wanamupikia, wanamuita baba mudogo. Akisimulia habari ile anasema, "Kosa lilikuwa langu, nilibakisha safari moja." Miaka yote hii anatutetea kwa sheria isiyokuwepo, na minye najifanya nakohoa, naomba chumvi.

Sasa parokiani tunaanzisha mituweli ya afya, kila nyumba inachanga kidogo ili mugonjwa atibiwe. Jumapili iliyopita wakauliza: hawa waliokimbia vita kutoka Bijombo, wasiokuwa na kitu, waingie lini? Melkiori akasimama na fimbo yake. "Mugeni angojee miezi mitatu. Minye mwenyewe nilikuwa mugeni, nikabeba safari tatu. Sheria ni sheria."

Wakamupigia makofi. Mama mumoja wa Bijombo, tumbo limefika kidevuni, alikuwa ameinua mukono aseme kitu. Akaushusha.

Watakata shauri Jumapili hii. Nikisema, Melkiori atajua kwamba mutoto wake alikufa juu ya muchezo wa kisoro, na kwamba chakula anachokula kinatoka kwa watoto wa muchezaji. Nikinyamaza, yule mama atangojea. Nimuambie kwanza peke yake, ao mbele ya watu wote? Munitukane kama munataka, lakini munijibu upesi. Jumapili ni keshokutwa, na Melkiori ameshaniomba nimushike mukono twende pamoja mukutanoni.