Siku Tuliyoziba Mfereji wa Burat

Wiki jana nilirudi Burat, huku Isiolo, na cheti cha digrii ndani ya bahasha, bado bila kazi, na kitu cha kwanza nilichoenda kuangalia ni mfereji. Umekauka. Mbuzi wanapita ndani kana kwamba ni njia yao. Nilisimama pale nikakumbuka nilipokuwa na miaka tisa.

Wewe uliyekulia huku unakumbuka zamu za maji. Kila shamba lilikuwa na siku yake, na saa yetu ilikuwa adhana. Waislamu kwa Wakristo, wote tulifungua na kufunga maji tukisikiliza msikiti. Jumamosi, jirani yetu, mama wa Kiturkana aliyelea watoto watano kwa vitunguu, alikuwa na maji tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha yalikuwa ya nyanya yangu.

Jumamosi moja binamu yangu alifunga mitungi minne ya plastiki ya manjano kwa mipira ya tyubu, akaweka ubao juu, akaiita meli. Mfereji ulikuwa mwembamba, karibu meli iguse kingo zote mbili. Tulipita migomba, tukapita harufu ya sukuma wiki iliyolowa, miguu ikining'inia kwenye maji baridi. Binamu aliimba. Mimi niliwaza: je, kama mtungi mmoja umeingiza maji? Nikafungua kifuniko nihakikishe. Ulikuwa mkavu kabisa. Lakini nilipotaka kufunga, kifuniko kiliniponyoka, kikaanguka majini.

Mtungi ulijaa. Meli ililala upande, ikaingia kwenye kalvati chini ya barabara, ikakwama. Maji yakamwagika barabarani, na ng'ambo, kwa jirani, yakabaki matope. Tulivuta mpaka viganja vikauma. Binamu akasema tukimbie, watu watadhani ni takataka. Lakini vitunguu vile havingepata maji tena mpaka Jumamosi nyingine, na jua la Isiolo unalijua. Nikakimbia kwa nyanya, nikamwambia yote, hata habari ya kifuniko.

Alichukua panga, akaenda, akakata mipira, mitungi ikachomoka mmoja mmoja. Maji yakanguruma. Palepale adhana ya adhuhuri ikaanza.

Jirani alikuwa amefika na jembe lake. Alitazama shamba, nusu limelowa, nusu vumbi, kisha akainama kuziba maji.

"Unafunga nini?" nyanya akamuuliza.

"Si wameadhini, mama?"

"Mimi sijasikia."

Sauti ya muadhini bado ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Jirani akaanza kucheka. "Masikio yamezeeka tangu lini?"

"Tangu huyu azaliwe," nyanya akasema, akinionyesha kwa ncha ya panga. Halafu akarudi nyumbani, akajaza birika, akatawadha kwa ajili ya sala ambayo hakusikia ikiitwa.

Mboga zetu zilikosa zamu, zikanyauka wiki ile. Nilizitazama kila asubuhi nikingoja mtu anilaumu, na hakuna aliyenilaumu. Nyanya hayuko tena. Jirani alihamia kwa bintiye. Siku hizi Burat kuna mabomba, kila nyumba na mita yake, na sibishi, ni afadhali. Ila mita haiwezi kujifanya haijasikia.